Kisanduku Chekundu cha Vuhovi

Gunia la kwanza lilipofunguliwa Alhamisi asubuhi, katika depo ya koperative, ushirika wa wakulima wa kahawa, mjini Butembo, Ornella, mwonjaji wao, hakuhitaji hata kuonja. Alichota kahawa kiganjani, akainusa, akairudisha. Ile iliyooshwa kijijini Vuhovi, aliyoionja mwenyewe Jumatatu jioni na kuisifu, haikuwemo. Ndani mlikuwa na kahawa ya ovyo yenye uvundo, na magunia yaliyofuata yalikuwa vilevile. Mnunuzi kutoka ng'ambo angefika kesho yake. Kwa mara ya kwanza wakulima wa Vuhovi walikuwa wanauza kwa jina lao wenyewe, na mgeni akiikataa kahawa yao, nafasi hiyo isingerudi.

Inspekta Elikia wa polisi, aliyepangiwa kazi huku kutoka Kinshasa, alianza na Phinées, mlinzi wa depo.

"Fungula iko na nani?"

"Iko na mimi, chef. Mais sikugusa ata gunia moja."

"Mulango haikuvunjwa. Donc ni weye." Akaamuru azuiliwe.

Solange Kavugho alikuwa amesimama kando ya ukuta. Koperative ilimwajiri aipange upya, na ukuta mzima ulijaa ramani yake: visanduku vya karatasi, kila kimoja kikitaja jambo ambalo koperative inaliweza, kama kuosha kahawa, kuikausha, kuisafirisha, na chini yake nani analiweza na kwa chombo gani. Vya kijani vilikuwa uwezo imara. Chekundu, yaani uwezo dhaifu, kilikuwa kimoja tu: kushona magunia kwa mashine. Wapo waliomcheka kwamba anabandika karatasi wakati wenzake wanahangaika na kahawa. Lakini Solange aliionea fahari kazi yake, tena bila kificho.

"Inspecteur," alisema, "tuache kwanza kuuliza nani alikuwa na fungula. Tuulize nani anaweza kufanya hii kazi."

Alipitisha kidole kwenye mdomo wa gunia ambalo halijafunguliwa. Uzi wa buluu, mistari miwili iliyonyooka.

"Hii ni mashine. Hapa Butembo tunashonaka na mukono. Mashine iko Vuhovi. Phinées angefungua haya magunia, angeyafunga na nini?"

Elikia alikuna kidevu. "Basi ni dereva, njiani."

Lusenge, dereva, hakukasirika. "Nilipakia mercredi asubui, magunia yamekwisha kushonwa. Mama Ornella alikaa mbele na mimi mpaka hapa. Hatukusimama."

Ornella aliitikia kwa kichwa. Basi kahawa ilibadilishwa Vuhovi kwenyewe, kati ya Jumatatu jioni, yeye alipoionja, na Jumatano asubuhi, gari lilipokuja.

Mchana Solange na Elikia walikuwa huko. Josaphat, msimamizi wa kituo cha kuoshea kahawa, aliwaletea viti na chai. Kabla ya koperative kuanza yeye ndiye aliyenunua kahawa ya milima yote ile, na watu bado walimwamkia kwa heshima.

"Papa Josaphat," Solange aliuliza kwa adabu, "magunia yalishonwa siku gani?"

"Mardi." Jumanne, siku moja baada ya Ornella kuonja.

"Na nani?"

"Mimi na batu ya équipe yangu. Bote balikuwa hapa, kazi ilienda muzuri."

Akina mama waliokuwa wakichambua kahawa waliacha mikono hewani. Kiongozi wao, Mama Jokébed, alisema taratibu: "Papa, mardi tulikuwa kwa kilio ya mama wa chef wa kijiji. Hapana mutu alikamata kazi, ata jembe. Na weye hatukukuona."

Anayefanya kazi siku ya maziko hapa husemwa maisha yake yote, na Josaphat alilijua hilo. Asingeweza kukiri kwamba alifanya kazi peke yake, ndipo akawatia wenzake katika uongo ambao kijiji kizima kingeukanusha. Alitazama chini.

"Ile mashine inajulikana na mutu mumoja tu," Solange alisema. "Ndiyo maana kisanduku yake ni nyekundu. Mara ngapi nimekuomba ufundishe mwengine? Niliogopa tu utagonjwa, kazi isimame."

"Baliniambia kwa ramani yako kazi yangu haiko tena," Josaphat alijibu. "Batu ya hapa banauzisha kupitia mukono yangu tangu zamani. Nilitaka mugeni akatae, barudi kwangu."

"Kahawa yetu iko wapi?"

"Kwa depo yangu ya zamani, iko salama." Aliinua kichwa. "Kahawa ya vile, hapana mutu wa Vuhovi anaweza kuiharibisha."

Lakini yale ya kazi kutokuwepo tena ndiyo yaliyomchoma Solange. "Nilitoa kisanduku ya kununua, ni kweli. Nikaweka ingine, kufundisha wakulima. Jina yako iko pale. Uliambiwa, Papa, mais hukuya kuangalia."

Elikia alipiga simu Butembo Phinées aachiliwe, kisha akamwongoza mzee kuelekea garini. Mlangoni Josaphat aliomba dakika chache. Akaketi kwenye mashine na kumwonyesha Jokébed namna ya kutunga uzi wa buluu.

Usiku huo akina mama waliitoa kahawa katika depo ya zamani, wakaishona magunia mapya na kuisafirisha Butembo. Ijumaa, mgeni alionja, akafumba macho, akaomba kikombe cha pili. Akasema anaichukua yote. Kisha aliona mishono iliyopinda kama njia ya mbuzi, akauliza ni ya nani.

"Ni yetu," Jokébed alisema, kidevu juu. "Sisi ba Vuhovi."

Solange alibandua karatasi nyekundu ukutani, akaweka ya kijani, akaandika jina la Jokébed. Kisha akamwachia kalamu aongeze ya wenzake.