Kibanda chenye Vyumba Vitatu

Osea na mkewe Ferista wanaishi Isansa, wilaya ya Mbozi. Wanalima kahawa na mahindi. Karibu na nyumba yao wana nyumba ya pili, yenye vyumba vitatu na sebule ya kuotea moto. Waliijenga kwa kahawa ya misimu minane. Madirisha aliyachagua Ferista mwenyewe, na mpaka leo akipita huyafuta hata kama hayana vumbi.

Nyumba hiyo wanaipangisha kwa siku. Desemba hawana shida. Watu waliozaliwa Isansa wanarudi kula sikukuu, wanakuta kwa wazazi hakuna pa kulala, wanakodi kwa Osea. Mwaka Mpya ukipita, wanaondoka. Mvua inanyesha, na nyumba inakaa tupu.

Mwaka huu Luka aliliona hilo. Luka ni mnunuzi wa mahindi, na chumba kitupu kinamnyima raha. Aliomba nyumba iwe stoo yake. Angebomoa ukuta wa sebule, aweke mlango mpana wa kupitisha magunia. Kila Jumapili baada ya ibada alikuja na futi yake, akapima, akatabasamu. Osea alimwambia kwamba Machi ikiisha bila wageni, atamkubalia. Ferista aliposikia aliingia jikoni akalia. Alisingizia moshi, lakini moto ulikuwa haujawashwa.

Si kwamba hakuna aliyepiga simu. Walipiga. Tatizo lilikuwa Osea. Huyu bwana alilelewa vizuri mno. Kwao mtu hasifu cha kwake. Ukienda kula kwake, kuku mzima yuko mezani, atakuomba samahani kwamba leo kuna mboga kidogo tu. Basi mteja akiulizia nyumba, Osea alimjibu kwamba ni kibanda tu. Kisha aliongeza matope, baridi na ukungu. Mteja alishukuru na kukata simu. Mmoja alimpa pole. Mwingine, mtu wa huruma, aliuliza kama kanisa linawasaidia.

Katikati ya Machi alikuja Bushra, mfanyabiashara wa Tunduma, kununua maharage kwa Ferista. Mvua ikamzuia kurudi. Osea alimpa kuku, akamwomba radhi sana kwa mboga kidogo, akasema hawana pa kumlaza ila kwenye kile kibanda. Bushra alijiandaa kulala juu ya magunia. Kesho yake hakutoka mpaka saa nne asubuhi, na Ferista alianza kuogopa kwamba mgeni anaumwa.

"Mama, mimi nyumba yangu iko kando ya foleni ya malori," Bushra alisema alipotoka. "Ni honi na injini, usiku na mchana. Sijalala hivi tangu niolewe. Hiki ndicho kibanda?"

Kumbe Bushra aliwahi kufanya kazi mapokezi, kwenye nyumba ya wageni, miaka sita. Aliposikia habari za Luka na ukuta, na jinsi Osea anavyojibu simu, aliweka kikombe cha chai chini.

"Baba, mgeni aliye mezani anamwona kuku," alisema. "Mteja wa kwenye simu haoni kitu. Anachosikia ndicho anachoamini."

"Kwa hiyo nijisifu?" Osea aliuliza. Aliogopa kweli.

"Usijisifu. Taja tu. Vyumba vingapi?"

"Vitatu, vidogo vidogo."

"Umeanza. Vingapi?"

"Vitatu."

"Maji ya moto?"

"Yapo."

"Na matope?"

Hapo Osea alifurahi, akaanza kuyaeleza matope kwa kirefu. Bushra akamkatiza.

"Matope usiyafiche, maana mteja atayakuta. Ila mwambie na utakavyomsaidia. Sema njia ina matope, tutakupokea barabarani, gambuti zipo. Ukimdanganya, atakuja mara moja tu."

Kisha aliwaeleza taratibu. Mgeni wa Desemba anafuata ndugu. Mgeni wa wakati wa mvua anafuata usingizi. Kwa hiyo wasimngojee mtu wa Dar es Salaam. Wamtafute aliye karibu, wa Tunduma, Vwawa au Mbeya, mwenye siku mbili za kupumzika. Wapunguze bei kwa anayekaa zaidi: akilala siku tatu, alipe mbili. Na wapige picha.

Kwa picha ya kwanza Osea alivaa koti la kanisani, akasimama mlangoni. Alionekana yeye, nyumba haikuonekana. Bushra alimtoa hapo kwa heshima zote. Wakapiga picha za chumba kilichotandikwa, moto wa sebuleni, na ukungu juu ya mashamba ya kahawa. Bushra akazituma kwa wafanyabiashara wenzake. Ferista akawapigia wageni wa Desemba, akawaomba wawaambie marafiki zao. Osea alijizoeza maneno yake zizini kwa siku mbili. Ng'ombe walisikia habari za maji ya moto mpaka wakazoea.

Wa kwanza kupiga simu alikuwa Makame, wakala wa forodha Tunduma. Osea alitaja kila kitu huku jasho likimtoka. Makame akauliza kama kuna kelele.

"Jogoo mmoja," Osea alijibu.

Makame alikuja na mkewe, Tabu. Walipokuwa wakiondoka, Ferista aliwaomba wamwambie ukweli wa walichokiona. Tabu alisema taa ya chooni ni hafifu. Wakaibadilisha siku hiyo hiyo. Tabu akawasifia kwa wenzake, na simu zikaongezeka.

Siku ya mwisho ya Machi, asubuhi, Luka alifika na fundi mwenye nyundo kubwa. Alimkuta Ferista amekaa kizingitini. Ferista alimwomba ashushe sauti, maana ndani wamelala walimu wawili kutoka Vwawa.

Luka alimgeukia Osea, akauliza ahadi yao imekuwaje. Osea alikohoa. Maneno aliyotaka kuyasema hakuyazoea hata kidogo.

"Nyumba hii haiwi stoo, Luka," alisema. "Ni nzuri. Na imejaa mpaka Pasaka."

Ferista alimtazama mumewe, na moyo wake ulijaa furaha. Hakusingizia moshi safari hii, akafuta machozi mbele ya watu wote.

Luka alikunja futi yake akaenda kutafuta stoo kwingine. Lakini fundi alikuwa ameshatoka kwake na alitaka kazi. Ferista alimpa ya kupigilia misumari ukutani kwa ajili ya makoti ya wageni yaliyolowa. Alianza kugonga saa tano, walimu walipoamka.