Salamu Isiyoitikiwa

"Huyo mkwe wako wa kwenye televisheni, amekwisha kuja kukuamkia?" jirani aliwahi kumuuliza mama yake msusi, wakianika nguo. Mama alicheka tu. Lakini neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Msusi na mtangazaji walikutana benki, foleni imegoma. Mtangazaji alivaa shati jeupe na kiatu cha kung'aa; msusi alivaa gauni la kijani, mkononi kashika fungu la nywele za kusukia.

"Dada, huo mkia wa farasi unaupeleka wapi?"

"Namtafuta farasi mwenyewe. Nadhani nimempata."

Penzi likaanza hapo, kwa utani.

Asubuhi moja saluni ilijaa, televisheni ukutani, watu wakipiga simu kwenye kipindi chake. Akaingia hewani mama mmoja mwenye kigugumizi.

"Na-na-naku-sa-sa..."

"Mama, hiyo ni simu au cherehani?" mtangazaji akadakia, akakata.

Saluni nzima iliangua kicheko. Msusi naye alicheka, kitana mkononi, hadi machozi. Kicheko hakijamwisha, akaitambua sauti ya mama yake.

Akamtumia mtangazaji ujumbe, na mchana simu yake ikaita.

"Asali wa moyo, nimesoma ujumbe wako kuwa yule ni mama, nikataka kufa. Wallahi sikujua!"

"Na angekuwa mama wa mwenzio, ingekuwa sawa?"

"Ulikuwa utani, mpenzi. Ulimi uliteleza."

Msusi angemlaumu kwa mdomo upi? Usiku na mchana alimwomba Mungu msamaha, ila mama yake hakuthubutu kumwambia.

Jumapili mtangazaji akaja kwao msusi, amevaa suti ya kijivu, kuomba radhi na kuleta posa. Mlangoni msusi alimshika mkono. "Mama akikwama, subiri. Nyumba hii hatummalizii mtu neno. Hata watoto wanajua."

"Nimesikia, mke wangu mtarajiwa."

Mama alikuwa amevaa gauni lake la ibada. Aliyasikiliza maombi yote ya mtangazaji, kisha akajikohoza.

"Mwa-mwanangu, si-siku ile ni-nilikusa-sa..."

"Ulinisamehe!" mtangazaji alidakia, magoti chini. "Siku ileile! Asante mama, Mungu akuzidishie!"

Mama akafumba macho, akaanza upya, polepole, kama mtu anayepanda ngazi na ndoo kichwani.

"Ni-nilikusa-salimu. Hu-hukuitikia."

Mtangazaji akamgeukia msusi, macho yanaomba.

"Usiniangalie mimi," msusi alisema. Kisha akapiga magoti kando yake. "Mama, siku ile, pale saluni... na mimi nilicheka."

Mama alimtazama bintiye. Midomo ikacheza. Wote wawili wakasubiri, kama ilivyo ada ya nyumba ile, wakijua neno limekwama tu, litakuja.

Mama akakaza kitambaa chake kichwani, akainuka, akavaa ndala, akatoka bila kuwaaga.