Makofi ya Kituo cha Mabasi

"Leo hii hii tunaondoka. Akimaliza kurekodi atakuta kabati tupu."

Hiyo ni sauti ya mume wangu, ndugu zangu!

Nimeisikia kwenye hedifoni, nimesimama mbele ya maiki, nikisubiri zamu yangu ya kusema, "Mpenzi, usiniache..."

Nikadhani ni maneno ya filamu. Nikatazama karatasi.

Hayapo!

Ngoja niwaeleze. Kazi yangu ni kuingiza sauti ya Kiswahili kwenye filamu za mapenzi za nje. Yule mrembo anayelia kwenye mvua, ukimsikia anaongea Kiswahili, ni mimi. Na yule kaka anayemkimbilia na kumkumbatia ni mume wangu. Tulikutana hapo hapo kazini. Tukapendana kwenye karatasi kwanza, kisha tukapendana kweli.

Au mimi ndivyo nilivyojua.

Siku hiyo yeye alikuwa chumba cha pili na Kicheko. Kicheko ni shoga yangu wa kufa na kuzikana, na kwenye filamu ndiye sauti ya rafiki wa mrembo. Wamesahau maiki yao iko wazi.

"Na yeye je?" Kicheko akauliza.

"Atalia, kisha atanyamaza. Nimechoka kuigiza. Nikiwa na wewe sisomi popote."

"Basi la mchana?"

"La mchana. Twende."

Jamani! Nyuma ya kioo, fundi sauti naye kasikia kila kitu. Kainama chini ya meza, anajifanya anatafuta waya.

Mpaka navua hedifoni, mlango wa nje umeshajifunga.

Sasa niambieni, mtu ambaye kazi yake ni filamu za mapenzi, hapo anafikiria nini? Niliwaza wanawake wote niliowatolea sauti. Wote walikimbia! Walikimbilia viwanja vya ndege, stesheni, makanisani. Na wote walipata walichokifuata.

Fundi akachungulia.

"Shemeji, unasubiri nini? Kimbia! Kama yule wa filamu ya juzi!"

Nikakimbia.

Studio huwa tunavua viatu ili visipige kelele. Nilitoka hivyo hivyo, na soksi. Nikarukia pikipiki.

"Dada, viatu?" dereva akauliza.

"Twende!"

Kituoni nikalikuta basi linaunguruma tayari kuondoka. Nikawaona. Yeye kakaa dirishani, Kicheko kamwegemea begani, mkono kauweka tumboni.

Nikasimama chini ya dirisha.

"Mume wangu!"

Akageuka. Uso ukamshuka kama mtu aliyeona maiti.

"Rudi nyumbani," akasema taratibu. "Usitie aibu."

"Aibu gani? Kukupenda ni aibu?"

Hapo sauti yangu ya kazini ikatoka yenyewe. Ile sauti... nzito, inatetemeka kidogo mwishoni. Nikasema yote niliyowahi kusoma. Kwamba bila yeye nyumba ni kuta tu. Kwamba nitamsubiri hata nywele zikiwa nyeupe.

Mwanamke mmoja muuza maji akashika kiuno.

"Eh! Huyu si yule wa kwenye filamu? Sauti ni yake!"

"Ndiye!"

Simu zikatoka mifukoni. Watu wakajaa. Wengine walianza kulia.

"Shuka! Shuka! Shuka!"

Konda naye akachoka.

"Kaka, amua. Gari inaondoka."

Mume wangu akamtazama Kicheko. Kicheko alitazama mbele tu.

Akashuka!

Makofi, vigelegele, miluzi! Akanikumbatia huku macho yake yakilifuata basi.

Nilishinda, ndugu zangu. Mume wangu nilimrudisha mchana kweupe, mbele za watu.

Kwenye filamu, hapo ndipo majina yanaanza kupanda. Nyie mnafuta machozi, mnaenda kulala. Mimi nilitakiwa kwenda nyumbani na huyo mtu.

Tukafika. Akafungua begi, akarudisha nguo kabatini moja moja, akizinyoosha kwa kiganja. Akaoga. Akala. Akasema, "Asante."

Na toka siku hiyo, hayo ndiyo maneno yake nyumbani. Asante. Ndiyo. Hapana. Hanipigi, hanitukani, halali nje. Analala ameutazama ukuta.

Video ikasambaa. Bosi akaifanya tangazo la kampuni. Mama mkwe akapiga simu, analia kwa furaha.

"Mwanangu, wewe ni mwanamke wa shoka! Umeiokoa nyumba!"

"Ndiyo mama," nikajibu. Mtoto wake amekaa pembeni yangu, kama mgeni anayesubiri mvua ikatike aende zake.

Lakini kazini...

Kazini akivaa hedifoni, anarudi yule yule! "Wewe ndiye pumzi yangu," anasema, na mimi nywele zinanisimama. Anasema taratibu, kwa upole, mpaka fundi anatikisa kichwa. Akivua hedifoni, basi. Taa imezimwa.

Nikaanza kukosea makusudi.

"Samahani fundi, nimeruka neno. Turudie."

Naye anarudia. "Wewe ndiye pumzi yangu."

"Samahani, nimekohoa. Mara moja tena."

Mlevi na chupa yake walikuwa na nafuu kuliko mimi. Mke mzima, naiba mapenzi ya mume wangu mwenyewe kutoka kwenye karatasi!

Asubuhi moja, karibu mwaka baada ya siku ya basi, alikuwa kibarazani, anapiga viatu rangi. Nikaona yatosha.

"Nenda," nikamwambia.

"Wapi?"

"Kwa Kicheko. Nenda, sitakufuata tena. Naapa."

Akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko chake tangu siku ya basi, na natamani nisingekisikia.

"Nilishaenda."

"Nini?"

"Ile wiki niliyokuaga naenda msibani. Hakukuwa na msiba."

Nikashika nguzo.

"Alinifungulia mlango ana mtoto mgongoni," akasema, bado anasugua kiatu. "Wangu. Siku ile kwenye basi alikuwa mjamzito."

"Ulijua?"

"Nilijua. Ndiyo sababu tulikuwa tunaondoka."

"Na ukashuka?!"

"Watu walikuwa wanapiga makofi."

Alivyolisema! Kama mtu anayeeleza kwamba kulikuwa na mafuriko.

"Kaniambia siku ile alikuwa anasubiri niwaambie watu neno moja tu. 'Hapana.' Angenisamehe hata kama sauti ingetetemeka. Akasema mwanaume anayeshushwa na makofi hamtaki, maana siku mtoto akiugua hakutakuwa na watu wa kumpigia makofi ili akae. Akafunga mlango."

Nikakaa chini, pale pale sakafuni. Umati wote ule ulikuwa unashangilia mtoto kunyang'anywa baba, na mimi ndiye niliyeuita.

"Sasa tutafanyaje?" nikauliza.

"Tutafanyaje nini?" Akakiweka kiatu chini, akachukua cha pili. "Kule nimekataliwa. Hapa kila mtu ananijua kama yule aliyeshuka kwenye basi. Kesho tuna filamu mpya. Kunywa maji ya moto, sauti yako ina mafua."

Na kesho yake tulienda. Tukarekodi. Watu walioiona wanasema ni nzuri sana.

Nimezirudia filamu zetu zote, ndugu zangu, safari hii bila kuweka sauti. Mnajua nilichokiona? Wakishakumbatiana, hawatuonyeshi hata mlo mmoja wa jioni. Hata mara moja wamekaa mezani wanapitishiana chumvi! Waliozitengeneza wanajua. Wanakata hapo kwa sababu wanajua kinachofuata.

Naandika haya kwa sababu kila siku mnanijazia ujumbe. "Dada, wangu anaondoka, na mimi nimkimbilie kama wewe?"

Juzi mmoja ameniandikia yuko njiani kabisa, anataka nimpe maneno ya kusema.

Mdogo wangu, kama unasoma hapa, mwambie dereva ageuze.

Sikuambii hivyo nikiogopa kwamba hatarudi...

Anaweza akarudi.