Pakiti ya Kijani

"Nyuki, keki imeiva?"

"Bado, Mkuu. Jiko halitaki kuwaka."

"Meli inang'oa nanga jioni hii. Natuma fundi, anaitwa Chuang. Liwake."

Simu ikakatwa. Hata kwaheri hakuna.

Nyuki akaikodolea macho kompyuta mezani. Aliiunda mwenyewe asubuhi ile kwa vifaa vya madukani Guanghua, hapo Taipei, feni zake zikimetameta kama ukumbi wa harusi. Pembeni ililala bastola aina ya Glock 19, ambayo haikuwa ya kompyuta.

Kila kitu kilikuwa kipya isipokuwa diski.

Hiyo aliichomoa jana kwenye ghala la wauza magendo kule bandari ya Keelung, moto ukimlamba mgongo. Ndani yake mlikuwa na programu inayofunga na kufungua makontena yao, na programu ile iliamka kwa njia moja tu: kompyuta iwashwe kwa diski hiyo hiyo. Na katika kontena moja, kati ya maelfu bandarini, alikuwa amefungiwa mhandisi Lo Yi-chun, anayeuzwa ng'ambo pamoja na siri zilizomo kichwani mwake. Hewa ingemfikisha jioni.

Labda.

Nyuki akabonyeza kitufe. Feni zikavuma.

HAKUNA DISKI YA KUWASHIA.

"Mshenzi wewe," akaiambia. Hakuwa na mwingine wa kuongea naye chumbani humo. Kwenye kibao cha mlangoni aliitwa Bi Wu, kwenye simu Nyuki. Jina lake halisi, Kuo Shu-fen, hakukumbuka mara ya mwisho kulisikia mdomoni mwa mtu.

Akabadilisha waya. Wapi! Akahamisha tundu. Wapi! Akaingia kwenye mipangilio, akalikuta jina la diski limetulia humo kama mgeni asiyetaka kuaga. Akatoka. HAKUNA DISKI YA KUWASHIA.

Basi akafanya kile ambacho kila fundi wa Taipei hufanya. Akaweka juu ya kompyuta pakiti ya Kuai Kuai, yaani 'mtiifu', vitafunio vya mahindi vyenye ladha ya nazi. Ya kijani, maana ya njano huipa mashine kiburi. Usicheke. Ikiwa na pakiti ya kijani juu yake, mashine hushika adabu. Sharti lake moja: haifunguliwi, hailiwi.

Mlango ukagongwa.

"Mvua imekuletea nini?" akauliza Nyuki, bastola nyuma ya mgongo.

"Bisibisi mbili na mwavuli mbovu."

Neno la siri lilikuwa sahihi. Akaingia kijana aliyelowa chapachapa, mwenye tabasamu la muuza simu.

"Umekula, dada?"

Salamu ya kawaida tu. Taipei nzima wanaulizana hivyo. Lakini Nyuki alikuwa hajaulizwa hivyo kwa miaka. Akaiweka bastola chini, akamvutia kiti, akamtilia chai. Yeye, ambaye kikombe cha pili alikuwa anakiwekea kalamu!

Chuang akachungulia ndani ya kompyuta, akatikisa kichwa.

"Pole, dada. Diski imekufa. Ichomoe niende nayo, kwetu kuna mashine ya kuifufua."

Nyuki akaanza kulegeza skrubu. Roho ilimuuma, lakini fundi ni fundi.

Kraa!

Akageuka. Chuang alikuwa ameichana pakiti ya kijani, mdomo umejaa.

"Ya nazi hii! Karibu."

Mikono ya Nyuki ikasimama.

Fundi wa Taipei angekula bisibisi yake kwanza.

"Tamu?" akauliza taratibu.

"Sana."

"Kula vizuri."

Chuang akayaona macho yake, akatumbukiza mkono ndani ya koti. Alichelewa. Kisanduku cha umeme cha akiba, kizito kama tofali, kikampata utosini. Akaenda chini na kisu chake, bado anatafuna. Nyuki akamfunga mikono kwa vibanio vya plastiki vya kufungia nyaya.

Kisha akafikiri.

Kama huyu anasema diski imekufa, basi ni nzima! Na maiti haijitaji jina kwenye mipangilio. Diski ni ya kizamani tu, imezoea kuamshwa kizamani, na kompyuta hii ya kisasa inaiamsha kisasa.

Akarudi kwenye mipangilio. Akaruhusu njia ya zamani. Akaipanga diski iwe ya kwanza kuwashwa. Akahifadhi.

Feni zikavuma. Skrini ikawa nyeusi. Nyeusi. Nyeusi.

Ikawaka. Makontena yakajiorodhesha, na moja tu lilikuwa na kipimo cha hewa.

"Mkuu, keki imeiva. Kontena la buluu, gati la magharibi, namba mia nne na tisa. Nalifungua."

Alisubiri, simu sikioni, akiyatazama makombo ya nazi sakafuni.

"Tumempata," Mkuu akasema. "Anapumua. Anadai supu. Na Chuang wa kweli tumemkuta amefungwa chooni. Kazi nzuri, Nyuki."

"Mkuu..."

"Sema."

"Umekula?"

Karatasi zikapekuliwa upande wa pili.

"Hilo ni neno jipya la siri?"

"Hapana, Mkuu. Basi."

Wenzake walipokuja kumbeba yule mlafi, Nyuki alivaa koti, akashuka hadi duka la FamilyMart la kona. Akaweka pakiti mbili za kijani mbele ya muuzaji.

"Mashine mbili, dada?"

"Moja tu."

"Na hii nyingine?"

"Ya mtu."

Akaichana palepale mlangoni, akaingia kwenye mvua akitafuna, wala hakugeuka.