Karibu Isiyouliza Jina

Anayeogopa majini huambiwa asome habari zao mchana. Hapa ushauri huo hautamfaa, kwa sababu haya yote yalitokea mchana, madirisha yakiwa wazi na nguo zikikauka kwenye kamba.

Nyumba ilikuwa na mashine tano zilizounganishwa. Mama Waya alizijua zote, maana kuunganisha mashine majumbani mwa watu ndiyo kazi iliyompa jina hilo. Zilikuwa kompyuta yake, kompyuta ya mumewe mpigapicha, kishikwambi cha binti yao, runinga kuukuu ya mama mkwe, na printa. Jumanne moja baada ya chakula cha mchana alifungua orodha kwenye kioo kidogo cha kisanduku cha kuhifadhia mafaili, kile kilichokaa juu ya kabati la viatu ukumbini, akahesabu sita. Ya sita haikuonyesha anwani wala aina yake. Ilijiita MGENI.

Alifikiri jirani ameiba neno la siri la mtandao. Akamtukana jirani kimoyomoyo, akabadilisha neno la siri, akahesabu tena. Sita. Akazima printa ili ahakikishe kwamba macho hayamdanganyi, zikabaki tano, na MGENI alikuwemo. Akazima kila kitu kilichozimika. Alibaki MGENI peke yake, na ukumbini kulinuka nywele zilizoungua.

Chanzo cha balaa hili kilikuwa ugomvi wa wiki iliyotangulia, na tuseme ukweli, ulikuwa ugomvi wa kipuuzi.

Kisanduku kilinunuliwa ili picha za mume zisiendelee kubebwa kwa flashi kutoka chumba hadi chumba. Kilichobaki kilikuwa kuchagua itifaki, yaani lugha na adabu ambazo mashine hutumia zinapoombana mafaili. Mama Waya alikuwa na namna yake ya kuwaeleza wateja jambo hilo, na wateja walimpendea hiyo. FTP, aliwaambia, ni mgeni anayetaja neno lake la siri kwa sauti akiwa bado uani, mtaa mzima ukasikia. NFS ni mwenyeji anayetazama namba ya mgeni tu na kumwamini, nzuri kwa watu mnaojuana. SMB mpya ni mgeni anayekubishia hodi, ukamuuliza jina, ukamuuliza neno la siri, na hata akishaingia mnaongea kwa kunong'ona. SMB ya zamani, ukiiruhusu ipokee wageni, husikia hodi na kujibu karibu. Haiulizi umetoka wapi.

Bila shaka alichagua SMB mpya. Lakini runinga ya mama mkwe ilikuwa ya zama zake, haikuijua lugha hiyo, na mama mkwe alitaka kutazama picha za marehemu mumewe kwenye kioo kikubwa akiwa ameketi kwenye kiti chake mwenyewe. Alinuna siku tano. Alisusa chai. Watu walipokuja kumsalimia aliwaambia, mkwe wake akisikia, kwamba siku hizi hata maiti wanafungiwa kufuli. Mume, kama kawaida yake, aligeuka bubu.

Siku ya sita uvumilivu ulimwishia Mama Waya. Aliketi ukumbini akaiwasha SMB ya zamani, akaruhusu wageni waingie bila neno la siri, wasome, waandike na wafute watakavyo. Kwa mazoea ya kazi akaweka na salamu aliyoiweka kwenye kila kisanduku alichowafungia watu: *Karibu, jisikie uko nyumbani.* Kisha akapaza sauti ili ifike hadi chumbani kwa mama mkwe.

"Haya, nimefungua. Na aingie yeyote anayetaka."

Kisanduku kikagonga mara tatu, ko, ko, ko, kama diski inayoamka. Na kutoka chumbani kwake, Chiriku, binti yao wa miaka sita ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, akaitikia, "Karibu!" Alikuwa amefundishwa kwamba hodi haiachwi bila jibu. Wote walicheka, hata aliyenuna. Ilikuwa mara ya mwisho kwa watu wa nyumba ile kucheka pamoja.

Sasa, Jumanne hiyo, Mama Waya aliwasha mashine zote upya na kukuta folda ambayo hakuitengeneza. Nayo iliitwa MGENI. Ndani mlikuwa na faili moja la sauti, na jina lake lilikuwa *kicheko*. Alilifungua akamsikia Chiriku akicheka, kile kicheko chake kinachokwama kooni kidogo kabla ya kupasuka. Alidhani mumewe amemrekodi. Jioni baba mtu alimtekenya mtoto mbavuni kama alivyozoea, na Chiriku akamtazama kwa upole, akangoja amalize.

"Baba, unafanya nini?" akamuuliza.

Kesho yake saa nane mchana kisanduku kiligonga mara tatu, na folda ikawa na faili la pili: *kuogopa mbwa*. Ndani yake kulikuwa na pumzi za haraka za mtoto, basi. Saa tisa Chiriku alitoka, akamwendea mbwa wa jirani ambaye siku zote alimkimbia, akainama, akamkodolea macho. Mbwa ndiye aliyejikunja chini ya gari na kulia.

Alhamisi lilikuja *jina la bibi*. Mtoto alimvuta mama yake gauni akamnong'oneza, akiuliza yule mzee anayeketi pale ni nani. Mama mkwe alisikia. Alisema mengi alasiri ile, na kubwa lilikuwa kwamba mkwe wake amemlisha mtoto sumu ya maneno. Mama Waya naye hakubaki nyuma, alimjibu kwamba kama si runinga yake wasingefika hapa. Mume alipofungua mdomo hatimaye, ilikuwa kumwamuru mkewe aifute hiyo folda, yaishe.

"Nikiifuta, nitakuwa nimefuta nini?" Mama Waya alimuuliza.

Wote walikuwa wameelewa. Katika kazi yake kuna kunakili na kuna kuhamisha. Ukinakili, kitu kinabaki kilipokuwa, na mwenzako anapata mfano wake. Ukihamisha, kilipokuwa panabaki patupu. Kitu kile hakikuwa kikinakili. Kilikuwa kikimhamisha Chiriku, kipande kwa kipande, na kila siku saa nane kilirudi kuchukua kingine.

Alianza kuandika orodha kwenye karatasi, akaibandika ndani ya mlango wa kabati la viatu: kicheko, kuogopa mbwa, jina la bibi, wimbo wa kuogea, kupenda maziwa, maswali, usingizi wa mchana. Jumanne iliyofuata aliandika la nane, *maneno*, na kuanzia hapo Chiriku hakusema tena. Mtoto aliyewachosha kwa gumzo alikaa ukumbini wima, viganja vyake viwili vikiwa juu ya kisanduku.

Jumatano asubuhi Mama Waya alijitia moyo akaushika waya wa umeme wa kisanduku na kuuchomoa, akitegemea kusikia diski ikipunguza mwendo na kunyamaza kama alivyosikia mara mia kwenye nyumba za watu, lakini taa ya kijani haikuzimika, diski haikunyamaza, na lile bati la kisanduku likapata joto chini ya kiganja chake, joto la ngozi ya mtu mwenye homa, na harufu ya nywele zilizoungua ikamjaa puani hadi machozi yakamtoka, na alipogeuka alimwona mwanawe amefumbua mdomo wazi, kifua hakipandi wala hakishuki, na ndani ya koo la mtoto, si ndani ya kisanduku, kukagongwa ko, ko, ko. Alirudisha waya. Chiriku akavuta pumzi.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, ameyaona yote. Hakulaumu mtu. Alivaa viatu akaenda kumwita Mshonaji.

Mshonaji alikuwa mwanamke mnene mwenye haraka, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, na aliingia akilalamika kwamba ameacha suti ya bwana harusi haina mkono mmoja. Kazi yake nyingine hakuitangaza, lakini waliohitaji walijua mlango wake. Alivuta hewa puani mara moja, akaacha kulalamika. Mambo ya itifaki aliyaelewa haraka kuliko wateja wengi wa Mama Waya.

"Kwa hiyo dada, ulimwambia karibu bila kumuuliza jina," alisema.

"Ndiyo."

"Kwa mkono na kwa mdomo?"

"Vyote viwili."

"Basi utayafuta yote mawili. Ila kwanza mrudishie mtoto vitu vyake. Ukimfukuza huyu vikiwa bado mikononi mwake, anaondoka navyo. Usibakize hata kimoja."

Mshonaji akaenda kushika mlango wa mbele, akaufungua wazi na kunyoosha uzi mweusi kizingitini, huku midomo yake ikisoma asichosikia mtu. Mama Waya alimpakata Chiriku, akamvalisha spika za masikioni, akaanza kumchezea faili moja baada ya jingine. Kwenye *kicheko* mtoto alitikisika mabega, kisha akacheka, na baba yake aliyekuwa ameegemea ukuta akateleza hadi sakafuni na kulia bila aibu. Kwenye *jina la bibi* aligeuka akamtafuta bibi kwa macho. Kwenye *kupenda maziwa* alimeza mate. *Maneno* yalipokwisha alisema, "Mama, unanibana."

Mama Waya alimbana zaidi. Ilikuwa imepita saa nane kidogo. Chini kabisa ya folda palikuwa na faili moja zaidi, halina jina, nukta tu. Alisita. Akajiambia kwamba ni la leo, limechukuliwa sasa hivi, na Mshonaji amesema asibakize hata kimoja. Akalifungua. Akasikia kwa mbali, kupitia spika zilizokuwa masikioni mwa mwanawe, ko, ko, ko.

"Karibu," Chiriku aliitikia kwa adabu.

Bibi alishika kifua kwa furaha. Hata adabu yake imerudi, alisema, mnamsikia mjukuu wangu? Na Mama Waya, ambaye alikuwa amemfundisha neno hilo tangu akiwa hajui kutembea, alimbusu utosini akamshukuru Mungu.

Kisha akafanya kazi anayoijua. Akaifuta ruhusa ya wageni, akaizima SMB ya zamani, akaifuta na ile salamu herufi kwa herufi. Akasimama katikati ya ukumbi na kusema kwa sauti kwamba aliyemkaribisha hamkaribishi tena, atoke kwa mlango ule uliofunguliwa, asirudi. Mapazia yalivutwa kuelekea nje ingawa hapakuwa na upepo. Harufu ikakatika. Alihesabu orodha: tano. Mama mkwe alisema yeye picha za marehemu atazitazama kwenye kioo kidogo cha kishikwambi cha mjukuu, inamtosha kabisa, na wakashikana mikono.

Mshonaji alibakiwa na jambo moja. Watoke wote, wafunge mlango, na mume abishe hodi mara tatu kwenye nyumba tupu. Nyumba ikinyamaza, ni yao. Ikijibiwa karibu, anayejibu ndiye mwenyeji, na wao watafute pa kulala.

Wakatoka. Nje jua lilikuwa kali, na watoto wa jirani walicheza mpira. Mume akagonga.

"Hodi."

Kimya.

Mama Waya alikuwa ameibandua ile karatasi kabatini ili aichane. Aliikunjua akaitazama kwa mara ya mwisho. Mistari minane.

"Hodi," mume akasema mara ya pili. Kimya.

Minane hadi jana, na la leo moja, tisa. Hesabu ilikuwa sawa. Lakini kila kilichochukuliwa kilimwacha Chiriku na pengo ambalo wote waliliona, na leo alijaribu kukumbuka mtoto alikuwa amepungukiwa na nini tena, hakuona. Mtoto alikuwa hana kilichobaki cha kuchukuliwa. Kwa hiyo faili lile halikuwa kitu kilichotoka kwake. Na wao wote wawili, yeye kwa kidole na mtoto kwa mdomo, walikuwa wamemfungulia MGENI mwenyewe.

Aligeuka kumtafuta mwanawe kwa macho.

"Hodi," mume akasema mara ya tatu.

Walisubiri. Nyumba ilinyamaza, tuli, tupu, yao. Mshonaji alishusha pumzi akaanza kuikunja futi yake. Mume aliingiza ufunguo kwenye kitasa huku akitabasamu.

Chiriku, ambaye bibi yake alikuwa amemshika mkono, aliutoa mkono wake taratibu. Akapanda ngazi moja ya baraza, akageuka, akawatazama mmoja mmoja kama mtu anayetazama waliosimama mlangoni kwake.

"Karibuni," akasema. "Jisikieni mko nyumbani."