Samira Aliondoka Mara Mbili

Mama Arlette alikuwa mlezi katika nyumba ya watoto huko Baraka, mji wa kando ya ziwa. Watoto kumi na tisa waliishi humo. Wengine wazazi wao walikufa. Wengine walipotezana na wazazi wao wakati wa kukimbia vita.

Kila asubuhi Mama Arlette aliwasha makaa na kupika uji. Alimjua kila mtoto. Alijua nani anaogopa mbwa, nani anakojoa kitandani, nani hali maharagwe. Mambo hayo hayakuandikwa popote. Yote yalikuwa kichwani mwake.

Samira alikuwa na miaka kumi na mitatu. Mama yake alifariki zamani. Baba yake alikwenda Lulimba kuchimba dhahabu, na habari zake zikapotea. Samira aliishi pale pamoja na mdogo wake, Nasoro, mwenye miaka minane.

Samira alikuwa na ugonjwa wa kifafa. Lakini miaka miwili ilipita bila yeye kuanguka, kwa sababu alimeza kidonge kila asubuhi na kila jioni. Kopo la vidonge lilikaa juu ya kabati. Mama Arlette ndiye aliyempa.

Jumatatu moja, mkurugenzi wa nyumba alimwita Mama Arlette ofisini kwake. Jina lake lilikuwa Papa Casimir.

"Mama Arlette, wiki hii batoto badogo bane banaingia," alisema. "Tutabalalisha wapi? Samira amekomaa. Kule Fizi, mulimani, kuko nyumba ya babinti. Mama Pulchérie amekubali kumupokea. Kesho asubuhi gari inapanda na simenti. Samira atapanda humo."

"Kesho, Papa? Na masomo yake?"

"Masomo iko Fizi pia. Gari haitangoja."

Mama Arlette alirudi jikoni.

Jioni alimtazama Samira akicheka na wenzake huku wakichambua sombe, majani ya mihogo. Akawaza, "Nikimwambia leo, atalia mpaka asubuhi. Nasoro naye atalia. Heri wasijue." Alinyamaza kwa huruma.

Asubuhi Samira alimeza kidonge chake kama kawaida. Nasoro alitumwa shuleni mapema. Kisha Mama Arlette akatia nguo za Samira katika sashe nyeusi, mfuko wa plastiki.

"Samira, mutoto yangu, leo unaenda Fizi. Utakaa kule."

"Siku ngapi?"

Mama Arlette alifunga sashe. Nje dereva alikuwa anapiga honi.

Samira hakulia. Alipanda gari kimya, akakaa juu ya mifuko ya simenti, sashe mapajani. Mama Arlette alishukuru kwamba hapakuwa na machozi.

Nasoro alirudi mchana.

"Yaya iko wapi?" aliuliza, akimtafuta dada yake.

"Ameenda Fizi. Kuna nyumba nzuri kule."

Nasoro alisimama mlangoni akitazama barabara. Siku hiyo hakula.

Jioni Mama Arlette aliona kopo la vidonge juu ya kabati. Dawa ilikuwa imesahaulika. Akajisemea, "Kesho nitapata mtu wa kumpelekea." Kesho yake hakupata mtu. Siku iliyofuata wale watoto wanne waliingia, na mmoja alikuwa na homa. Kopo likabaki juu ya kabati.

Ijumaa simu ililia. Alikuwa Mama Pulchérie wa Fizi.

"Mama Arlette, ule mutoto mulituletea iko na ugonjwa gani? Ameanguka jikoni! Mwili ilitetemeka, povu ikatoka kinywa. Tulifikiri anakufa. Tulimutia kijiko kinywani, jino ikavunjika. Sasa tuko hospitali."

Mama Arlette alifunga kopo katika kitenge chake, akachukua pikipiki kwenda Fizi. Njia yote alikuwa anaona sashe ile nyeusi.

Hospitalini Samira alikuwa amelala, ameelekea ukuta. Mdomo wake ulikuwa umevimba. Muuguzi alipokea vidonge, akasoma kopo.

"Mama, dawa ya kifafa haikatwi hata siku moja," alisema. "Ukiikata gafula, ugonjwa unarudi na nguvu. Na mutu akianguka, usimutie kitu kinywani. Usimukamate kwa nguvu. Ondoa bintu bigumu karibu yake. Tia nguo laini chini ya kichwa. Akiacha kutetemeka, mulaze kwa ubavu. Kama inapita dakika tano, mulete hapa mbio."

"Na ile povu?" Mama Pulchérie aliuliza kwa sauti ndogo. "Batoto bengine banaogopa itabaambukiza."

"Hapana. Kifafa haiambukize. Babaki karibu na mwenzao bila woga."

Mama Arlette aliinama kitandani.

"Samira. Ni mi."

Samira hakugeuka.

"Samira, mutoto yangu."

"Niliiba kitu gani?" Samira aliuliza. Bado alikuwa anatazama ukuta.

"Kuiba?"

"Mulinifukuza juu ya nini? Nilikosa nini?"

"Hatukukufukuza! Nafasi ndio ilikuwa kidogo."

"Hakuna mutu aliniambia. Mama yangu naye alitoka asubuhi moja. Nasoro alikuwa analala. Alienda hospitali, hakurudi. Sasa Nasoro anafikiri na mi nimekufa."

Mama Arlette aliketi ukingoni mwa kitanda.

Hospitali ilikuwa imemwita Madame Émilienne, mwanamke aliyefanya kazi ya kutetea watoto katika ofisi ya mambo ya jamii. Aliwasikia kutoka mlangoni. Akawaita wale mama wawili nje, wakaketi wote watatu kwenye benchi.

Mama Pulchérie alianza. Alikuwa na hasira.

"Mi nilipokea mutoto na sashe. Sashe haisemi! Sikujua dawa. Sikujua kama ni muislamu. Jumatano nilimutuma kwa kwaya ya kanisa, akakataa. Nilifikiri ni kiburi."

"Makosa ni yangu," Mama Arlette alisema. "Mambo yote ilikuwa kichwani mwangu, na kichwa yangu ilibaki Baraka."

Madame Émilienne aliuliza, "Nani alimuuliza Samira kama anataka kuhama?"

Wale mama wawili walitazamana, naye akaendelea:

"Nani alimuambia mbele ya ile siku?"

"Nilinyamaza ili asilie," Mama Arlette alisema.

"Mama, machozi ya kuagana haiue mutoto. Hawa batoto bamepoteza batu mara mingi. Kila mara ilikuwa gafula. Ukimutoa gafula tena, anasema moyoni: mi ni mutu wa kutupwa. Nafasi inaweza kuwa kidogo, naelewa. Lakini yeye anapaswa kujua juu ya nini anahama, anaenda wapi, atakaa na nani, na ataona ndugu yake siku gani."

Mama Arlette alipangusa macho kwa kitenge.

"Basi nimeelewa. Kesho narudi naye Baraka."

"Tena bila kumuuliza?"

Mama Arlette alitazama mlango wa chumba cha Samira. Kisha wote watatu waliinuka, wakaingia ndani.

Madame Émilienne alivuta kiti karibu na kitanda. Hakuharakisha. Alijitambulisha. Akamwambia Samira, "Sisi tulikosa. We hukukosa kitu. Sasa tunataka kusikia we unawaza nini."

Samira aligeuka polepole. Aliwatazama mmoja mmoja. Pengine hakuamini.

"Fizi si mubaya," alisema mwishoni. "Kuko binti moja, Aline, alinipa nafasi karibu na dirisha. Na Baraka tunalala batatu kitanda moja, najua. Lakini sikutoka muzuri." Aligusa mdomo wake uliovimba. "Nataka kurudi. Kisha niondoke tena, muzuri."

Jumatatu Samira, Mama Arlette na Madame Émilienne walishuka Baraka. Nasoro alikuwa uwanjani. Alipomwona dada yake, hakukimbia kumpokea. Alikuja polepole, akamgusa mkono, akaugusa tena. Ndipo akamkumbatia kiunoni na kukataa kumwacha.

Papa Casimir alikunja uso.

"Madame Émilienne, tumurudishe, kisha tumupandishe tena? Ni kazi mara mbili."

"Ile ya kwanza haikuwa kazi, Papa. Ilikuwa kubeba muzigo."

Papa Casimir alitaka kujibu. Lakini Samira alikuwa amesimama mbele yake, na alipofungua kinywa kusalimia, lile jino lililovunjika lilionekana. Papa Casimir aliinamisha macho.

"Samira," aliuliza, "unataka kukaa siku ngapi?"

"Wiki mbili, Papa. Nimalize mitihani."

"Wiki mbili..." Aliguna. "Sawa. Wiki mbili."

Wiki hizo zilikuwa na kazi nyingi. Mama Arlette alisema yote yaliyokuwa kichwani mwake, na Madame Émilienne akayaandika: jina la dawa na saa za kuimeza, siku ya kwenda kwa daktari, shule na darasa, dini, chakula. Aliandika pia namba ya simu ya bibi yake Samira, aliyeishi Kazimia. Bibi huyo alikuwa mzee sana, hakuweza kulea, lakini alikuwa jamaa. Walimpigia.

"Mulikuwa munamuhamisha mujukuu yangu bila kuniambia?" bibi aliuliza.

Papa Casimir mwenyewe ndiye aliyeomba radhi.

Kisha Samira akapewa karatasi hiyo aisome. Alisoma akifuata mistari kwa kidole. Katikati akasimama.

"Hapa munaandika naogopa maji. Siogope maji. Munganga wa hospitali alinikataza kuoga ziwani peke yangu, juu ya kifafa: inaweza kunikamata ndani ya maji."

Madame Émilienne alifuta, akaandika upya. Mama Arlette alishangaa. Miaka yote alidhani ni woga.

Siku moja kabla ya safari walipika ugali, sombe na ndagala, yaani dagaa wa ziwani. Kila mtoto alimwambia Samira neno. Wengine walicheka, wengine waliona haya. Nasoro alilia sana, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Samira naye alilia. Mama Arlette pia. Baadaye wote walikula vizuri.

Safari hii hapakuwa na sashe. Nguo zilikuwa katika begi. Ile karatasi ya mambo yake, karatasi ya hospitali, barua ya shule na vidonge vya mwezi mzima vilikuwa mikononi mwa Mama Arlette. Nasoro alikwenda pamoja nao.

Kule Fizi Mama Pulchérie alikuwa anawangoja mlangoni. Alikuwa amewaeleza wasichana wote juu ya kifafa na namna ya kumsaidia mwenzao. Alimwonyesha Samira mahali pa kuswalia na mahali pa dawa. Kando ya dawa palikuwa na daftari la kuandika kila kidonge kinachomezwa.

Nasoro alitaka kuona kitanda. Alipanda, akalala chali, akatazama dirisha, akaruka chini.

"Ni muzuri," alisema. "Yaya, utakuja lini?"

"Siku ya Idi," Samira alijibu. "Papa Casimir ameandika. Na kila siku ya Mungu, Jumapili, nitakupigia simu."

Mama Arlette na Nasoro walilala Fizi siku mbili. Asubuhi ya kuondoka, Samira aliwasindikiza mpaka barabarani. Alipunga mkono, kisha Aline akamwita, wakaenda shuleni.

Baada ya wiki moja Madame Émilienne alimtembelea. Baada ya mwezi alirudi tena. Alizungumza naye peke yake, ili aseme lolote bila woga. Samira hakuanguka tena. Mwanzoni alisoma kwa shida, kwa sababu darasa la Fizi lilikuwa mbele kuliko la Baraka katika hesabu. Akaomba msaada, akapata. Siku ya Idi alishuka Baraka kama alivyoahidiwa.

Kule Baraka mambo yalibadilika. Kila mtoto alikuwa na karatasi zake ndani ya kabati, na kila mwezi mlezi alizisoma pamoja na mtoto mwenyewe. Ilipofika zamu ya mvulana mmoja, Bertin, kuhamia nyumba ya wavulana, Papa Casimir alimwita mwezi mzima kabla.

"Tunafikiri uende tarehe kumi," alimwambia. "We unasemaje?"

Bertin alikuna kichwa. "Papa, tarehe kumi na mbili kuko match. Mi ndio golikipa."

Mama Arlette, aliyekuwa karibu, alingoja kusikia kwamba gari haitangoja. Papa Casimir alichukua kalamu, akafuta kumi, akaandika kumi na tano.

Jumapili moja jioni simu ya Mama Arlette ililia. Nasoro alizungumza kwanza, kwa kelele, mpaka akachoka. Kisha Mama Arlette akachukua simu.

Samira alikuwa na mengi. Maharagwe yao ya mlimani yalikuwa yametoa maua. Aline alikuwa amegombana na Rehema juu ya ndoo, lakini wamepatana. Mwalimu Fikiri alisifu daftari lake. Mama wa Rehema alimfundisha kufuma, na kofia aliyokuwa anamfumia Nasoro ilikuwa karibu kwisha. Mtu mmoja anayeitwa Kaka Lubunga aliwaletea mihogo, wakacheka sana, na Samira alicheka tena alipokuwa anasimulia.

Mama Arlette hakumjua Rehema, wala Mwalimu Fikiri, wala Kaka Lubunga. Zamani alimjua kila mtu katika maisha ya mtoto huyu. Alivuta kiti, akaketi.

"Huyo Kaka Lubunga ni nani?" aliuliza. "Anza tena. Nieleze polepole."