Viatu Vyeupe vya Mzee Kamau

Nina miaka arobaini na mmoja, mama wa watoto wawili. Naishi Munyaka hapa Eldoret na nauza viatu vya mitumba mjini. Kila kitu nahesabu mara mbili, hata chenji ya sadaka. Wenzangu sokoni husema ukiniuliza saa, nitaanza na bei ya juu. Nilikuwa nikiona hiyo ni sifa...

Baba yangu ni mwalimu mstaafu wa kule Kesses. Tangu Mama atuache, vitu viwili vinamweka hai: tenisi na watu. Kaa naye dakika tano tu, atajua jina la ng'ombe wako. Kila Jumamosi alicheza klabuni, wawili kwa wawili, na mwenzake siku zote alikuwa Mzee Kamau, mwenye duka Burnt Forest.

Urafiki wao haukuwa wa jana. Wakati wa vita vya baada ya uchaguzi, watu wa kwetu walipowafukuza watu wa kwao, duka la Mzee Kamau lilichomwa. Baba alimficha yeye na mkewe nyumbani kwetu siku tisa. Majirani walimwita msaliti. Mambo yalipotulia wakarudi uwanjani. Hawakumhutubia mtu. Walicheza tu.

Baba alipofikisha miaka sabini na tano, niliamua kumpeleka hoteli ya kifahari Naivasha, ya familia, yenye viwanja vya tenisi. Nilipigia simu hoteli nane. Viwanja ni vingapi? Raketi ni za bure? Mzee analipa nusu? Mwishowe nikapata ofa ya katikati ya wiki, msimu ambao wageni ni wachache. Vyumba viwili, watu watano: mimi, mume wangu, watoto na Baba. Nilijiona bingwa.

Kumbe Baba alikuwa ameshamwambia Mzee Kamau. "Tutampitia Jumanne asubuhi pale dukani," akasema. "Bila Kamau nitacheza na nani? Na wewe?"

Mtu wa sita alimaanisha chumba cha tatu, na ofa inaanguka. Ningesema ukweli, Baba angelipa kwa pensheni yake. Aibu hiyo sikuitaka.

Wiki hiyohiyo Mzee Kamau akaja kibandani kwangu kutafuta viatu vyeupe vya tenisi. Nikamtajia bei ile ya kuanzia.

"Leo hatubishani, msichana wangu," akasema akitoa pesa. "Naivasha siwezi kwenda na viatu vya kukamulia ng'ombe."

Nilikuwa nimeshaamua kwamba haendi. Nikapokea. Nikahesabu mara mbili. Nikamfungia kwa gazeti.

Jioni nilimwambia Baba kwamba Mzee Kamau amebadilisha nia. Nikaongeza kwamba amesema likizo ni heri mtu apumzike na watu wake.

Kwa nini niliongeza hilo? Kwa sababu nilijua Baba hatauliza zaidi. Baada ya zile siku tisa za kumficha, akisikia "watu wake", angeuliza nini? Aliweka kikombe chini, akasema, "Sawa." Mzee Kamau mwenyewe sikumwambia lolote. Kila siku nilisema kesho...

Jumanne tulipokaribia Burnt Forest, simu ya Baba iliita. Akaangalia jina, akaizima. "Aongee na watu wake." Akageukia dirisha la upande wa pili.

Ndipo nikamwona. Mzee Kamau amesimama mbele ya duka lake, begi chini, raketi kwapani, viatu vyeupe miguuni. Alipolitambua gari letu akanyanyua mkono. Mume wangu, ambaye hakujua chochote, akapunguza mwendo. "Si huyo ni Mzee Kamau?"

"Pita," Baba akasema bila kugeuka.

Mume wangu akaniangalia. Mimi nikaangalia simu yangu.

Viwanja vilikuwa viwili, safi, kama nilivyoahidiwa. Mchezaji hakuwepo hata mmoja, kwa maana hiyo ndiyo ofa niliyoipigania. Baba alipiga mpira ukutani asubuhi mbili. Ya tatu aliiacha raketi kwenye buti ya gari, akashinda langoni akiongea na askari.

Tuliporudi aliacha klabu. Mzee Kamau naye hakupiga simu tena. Miezi minne baadaye tukasikia amepooza upande wa kulia. Baba akameza kiburi, akaniambia nimpeleke.

Mke wa Mzee Kamau alivuta viatu kutoka chini ya kitanda. Bado vyeupe. "Alivinunua kwa huyu msichana wako," akamwambia Baba. "Alisimama nje tangu saa kumi na mbili, Mwalimu. Alikukosea nini?"

Baba alinigeukia mimi. "Ulimuuzia bei gani?"

Nilisema yote palepale, nimesimama. Mzee Kamau alisikia kila neno. Machozi yalimtoka jicho moja, na mdomo wake haukuweza kunijibu... Ningetamani angenitukana.

Baba hunisalimia vizuri, huuliza habari za watoto. Nilipomtajia hoteli nyingine, vyumba vyovyote atakavyo, alisema, "Likizo uliyonipeleka inatosha."

Msomaji, kama una mzazi anayependa watu, usianze na hoteli. Muulize kwanza anataka kwenda na nani, na jibu hilo usilipunguze. Kama huwezi kulipia mtu wa sita, sema huwezi. Aibu yake utaimaliza siku hiyohiyo.

Mimi aibu yangu hupita kibandani kila Jumamosi. Baba husimama, ananisalimia, kisha anaenda kupanda gari la Burnt Forest. Mkono uliozoea raketi sasa umebeba chupa ya uji wa Mzee Kamau.